Dawa Kabla ya Barabara: Maumivu ya Mtoto Aliyevunjika Mkono Mwambao wa Rumonge

Maembe yanapoiva kando ya Tanganyika, kuanzia Magara na Minago hadi Rumonge mjini, Kizuka na Nyanza-Lac, watoto hupanda miti. Maembe yakiisha kuna mapera, kuna mitumbwi iliyopandishwa ufukweni, kuna baiskeli ya kaka iliyo kubwa kuliko anayeiendesha. Mtoto anayeanguka hutanguliza kiganja. Kishindo hupanda kutoka kiganjani, na mfupa huachia pale ulipo dhaifu: mara nyingi juu kidogo ya kifundo cha mkono, na kwa wadogo zaidi juu kidogo ya kiwiko. Mvunjiko huu wa pili ndio unaoongoza kati ya mivunjiko ya kiwiko cha watoto, na huwapata hasa wenye miaka 5 hadi 7. Tuushike umri huo, kwa kuwa tutauhitaji tutakapofika kwenye habari ya fedha.

Namna mfupa unavyoungwa ni somo lenye wataalamu wake na vitabu vyake. Swali langu ni juu ya zile saa zilizo kati ya kuanguka na kutulia: ni nani anayemtuliza mtoto huyu maumivu, kwa dawa gani, na lini? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba kikwazo kikubwa cha mwambao huu hakipo kwenye dawa. Dawa zinazofaa ni za bei ndogo, na nyingi zimo katika duka la dawa la karibu na soko. Kikwazo kipo kwenye mpangilio. Dawa ya maumivu huja mwisho, baada ya safari, foleni, daftari, picha na malipo. Mara nyingine haiji kabisa, maana kila aliye njiani huihesabu kuwa huruma ya ziada na si sehemu ya tiba.

Tuanze na maumivu yenyewe. Mfupa umevikwa utando mwembamba uliojaa neva. Ncha zilizovunjika zikisuguana, utando huo hujeruhiwa upya, damu huvuja, uvimbe hupanda na kuibana nyama iliyouzunguka. Ndiyo maana kitulizo cha kwanza hakimo katika chupa wala pakiti: ni kuuzuia mkono usicheze. Kipande cha boksi gumu au ubao mwembamba uliozungushiwa nguo laini, kikafungwa kwa kitenge kutoka kiungo cha juu ya jeraha hadi kiungo cha chini yake, kisha mkono ukaning'inizwa shingoni, hupunguza maumivu ndani ya dakika chache. Mkono ufungwe vile ulivyokutwa; asiyefundishwa asijaribu kuunyoosha. Bangili, pete, uzi wa hirizi, vyote vitoke kabla vidole havijavimba. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mwalimu wa shule ya msingi, na mhamasishaji wa afya wa kijijini, na mvuvi yeyote anayejua kufunga kamba bila kuikaza.

Banzi hilo lina maana kubwa zaidi hapa kuliko mjini kwa sababu ya barabara. Rumonge ilikuwa sehemu ya Bururi, ikawa mkoa peke yake mwaka 2015, na tangu mgawanyo mpya wa mwaka 2025 imo katika mkoa wa Burunga. Mipaka imehamishwa mara mbili, lakini mlima kutoka Burambi au Buyengero hadi ziwani ni ule ule, na mtoto huteremshwa kwa machela, kwa baiskeli, au nyuma ya pikipiki akiwa kati ya dereva na mama. Hospitali ya Rumonge ikiona kwamba mvunjiko unahitaji daktari bingwa wa mifupa, safari inayofuata ni ya Bujumbura, kilomita zaidi ya 70 kwa barabara ya taifa namba 3 inayoshikana na ziwa. Ziwa limepanda miaka ya karibuni, na mafuriko ya mwaka 2024 yaliingia hadi katika makazi ya pwani. Mvua kubwa huporomosha udongo wa vilima juu ya lami. Juu ya hayo, Burundi imekuwa na uhaba mkali wa mafuta, na gari la wagonjwa lisilo na petroli halitofautiani na gari bovu. Katika hali hiyo saa mbili za maumivu huwa sita, na sita huwa usiku mzima. Anayesema "atapewa dawa akifika" amemhukumu mtoto kuivumilia barabara yote hiyo kwa kuuma meno.

Sasa tuje kwenye dawa. Kwa miaka mingi madaktari wa nchi tajiri waliamini kwamba mfupa uliovunjika unadai kitu kizito, na mtoto akaandikiwa parasetamoli iliyochanganywa na kodeini. Halafu wakaamua kupima. Mwaka 2007 timu ya Eric Clark mjini Ottawa, Kanada, ilitoa matokeo ya watoto 300 wa miaka 6 hadi 17 walioumia mifupa au misuli, wakiwa wamegawanywa kwa kura katika makundi matatu: parasetamoli, kodeini na ibuprofeni. Baada ya saa moja, kwa kipimo cha alama 100, ibuprofeni ilikuwa imeshusha maumivu kwa alama 24. Dawa nyingine mbili zilishusha nusu ya hapo. Mwaka 2009 Amy Drendel na wenzake wa Milwaukee, Marekani, wakawachukua watoto 336 wenye mkono uliovunjika na wakawafuatilia nyumbani. Ibuprofeni ilituliza angalau sawa na mchanganyiko wa parasetamoli na kodeini. Waliopewa kodeini, nusu yao walipata kichefuchefu, usingizi mzito na mengineyo. Kwa waliopewa ibuprofeni walikuwa chini ya theluthi, nao walikula na kucheza vizuri zaidi. Mwaka 2014 timu ya Naveen Poonai, pia ya Kanada, ikailinganisha ibuprofeni na morfini ya kunywa kwa watoto 134 wenye mivunjiko isiyo na matata. Maumivu yalishuka karibu sawasawa, lakini morfini ilileta kutapika na kusinzia kwingi zaidi.

Naomba msomaji wa Rumonge ayatafakari matokeo hayo kwa nafasi. Si mara nyingi utafiti wa hospitali tajiri humjia muuguzi wa kituo kidogo na habari kwamba kidonge anachokijua tayari ndicho kilichoshinda.

Kodeini ina kisa chake, na kisa hicho kinatugusa sisi wa upande huu wa Afrika. Yenyewe haitulizi sana; ini huigeuza kuwa morfini kwa kimeng'enya ambacho watu hawakurithi kwa nguvu sawa. Kwa wengine hakifanyi kazi kabisa, na mtoto hubaki na maumivu yake. Kwa wengine hufanya kazi kwa kasi mno, morfini ikajaa mwilini kwa ghafla na pumzi ikafifia usingizini. Uchunguzi uliofanyika Ethiopia miaka ya 1990 uliwakuta wenye kasi hiyo kuwa zaidi ya robo ya waliopimwa, wakati Ulaya ya kaskazini ni wachache sana. Baada ya vifo vya watoto, mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliiwekea kodeini mipaka mwaka 2013, na mwaka 2017 Marekani ikasema wazi kwamba isitumike kwa aliye chini ya miaka 12, ikiifungia njia tramadoli pamoja nayo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaiacha kodeini katika mwongozo wake wa maumivu ya watoto wa mwaka 2012, likabakiza ngazi mbili tu: parasetamoli na ibuprofeni kwanza, na zisipotosha, morfini. Kwa hiyo mzazi anayepewa tramadoli dukani kwa ajili ya mtoto wa miaka 6, kwa maelezo kwamba "hii ndiyo kali", anapewa ukali ambao mtoto haupaswi.

Vipimo ni vyepesi kuliko vinavyodhaniwa, ilimradi mtoto apimwe uzito. Ibuprofeni ni miligramu 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6 hadi 8. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6. Mtoto wa kilo 20, ambao ndio uzito wa kawaida wa miaka 6, atachukua ibuprofeni miligramu 200, yaani kidonge kimoja kidogo au nusu ya kile cha 400, na parasetamoli miligramu 300, yaani zaidi kidogo ya nusu kidonge cha 500. Kwa kuwa hufanya kazi kwa njia tofauti, zaweza kwenda pamoja. Siku mbili tatu za mwanzo zitolewe kwa saa, maumivu yasingojwe hadi yapande, kwa sababu yaliyokwisha kupanda huteremka kwa shida. Kosa la kawaida katika nyumba zetu ni kinyume cha kuzidisha: kipande cha parasetamoli hutolewa mara moja, jioni, kwa kuwa familia inaijua kama dawa ya homa ya malaria, na mkono uliovunjika hauna homa.

Kuna pa kujihadhari pia. Mwambao huu hupatwa na kipindupindu, na mtoto anayeharisha au aliyekaukiwa maji asipewe ibuprofeni, kwa sababu figo zake zitaumia; parasetamoli inatosha mpaka maji yarudi. Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye vidonda vya tumbo, au mwenye pumu inayochochewa na dawa za aina hii, vilevile. Aspirini isipewe mtoto kabisa. Ile hofu kwamba ibuprofeni huchelewesha mfupa kuunga ilitokana zaidi na majaribio ya wanyama na habari za watu wazima. Kwa watoto waliofuatiliwa hospitalini haikujitokeza. Na imani kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge, imani niliyoikuta kila mahali nilipotibiwa, humwongezea mtoto hofu ya pili juu ya ile ya kwanza pasipo faida. Anayeweza kumeza, ameze.

Vidonge hivi, hata hivyo, havitoshi kwa kila kitu. Mifupa ikipishana huvutwa ili irudi mahali pake, na hapo ndipo ukatili ambao hatuutaji hutokea. Katika vituo vingi vya ukanda wetu mtoto bado huvutwa akiwa macho. Mama hutolewa nje, watu wazima wawili au watatu humkandamiza kitandani, mmoja huvuta. Huelezwa kwamba ni dakika moja tu. Mtoto hana kipimo cha dakika moja. Anachojifunza ni kwamba mahali penye makoti meupe watu wakubwa humshika kwa nguvu na kumuumiza, na mara nyingine atakapougua, familia itapata kazi ya kumrudisha huko.

Haipaswi kuwa hivyo, kwa kuwa ketamini ipo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, ikaidhinishwa mwaka 1970, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1985. Ni dawa iliyotengenezwa kana kwamba muundaji wake aliwaza hospitali ya wilaya: humtenganisha mgonjwa na maumivu huku akiendelea kupumua mwenyewe, haishushi presha, haidai mashine ya bei kubwa, na kama mshipa haupatikani huchomwa kwenye msuli. Ni nadra kukuta chumba cha upasuaji cha wilaya katika Afrika Mashariki kisichokuwa nayo, maana hutumika pale mama anapohitaji kufanyiwa operesheni ya dharura. China ilipopendekeza mwaka 2015 katika Umoja wa Mataifa kwamba ketamini iwekewe udhibiti wa kimataifa, Shirika la Afya Duniani lilipinga, na pendekezo likaahirishwa. Wagonjwa wa vijijini wangekuwa wa kwanza kuikosa. Masharti yake hayarukwi: awepo aliyefundishwa, asiye yule anayevuta mfupa, ambaye kazi yake ni moja tu, kuangalia pumzi na mapigo ya moyo hadi mtoto aamke, akiwa na oksijeni, mpira wa kupulizia hewa na mashine ya kufyonza mate. Burundi ina madaktari bingwa wachache sana wa usingizi, na kazi hiyo hubebwa hasa na mafundi wa nusukaputi. Hao ndio wa kuitwa mtoto anapovutwa mkono. Kama wapo kwa ajili ya ngiri, wawepo kwa ajili ya kigasha.

Kwa mtoto mkubwa kidogo aliyevunjika karibu na kifundo cha mkono, ipo njia nyingine: lidokeini huingizwa kwa sindano katika damu iliyojikusanya kati ya ncha za mfupa, na baada ya dakika kumi au zaidi ganzi imeshika. Hospitali zenye uwezo hutumia gesi ya kuvuta au fentanili ya puani. Tanzania imejaribu ketamini ya puani katika hospitali zake za rufaa kwa watoto wenye maumivu ya selimundu, njia ambayo haihitaji sindano hata moja na ambayo ningependa kuiona ikifika ziwani.

Lakini kitulizo ambacho hakizungumzwi vya kutosha ni kutovuta. Mfupa wa mtoto hukua, na ukikua hujinyoosha. Sehemu kubwa ya urefu wa kigasha, karibu robo tatu au zaidi, hutokana na ukuaji wa upande wa kifundo cha mkono, hivyo mvunjiko wa hapo kwa mtoto aliye chini ya miaka 10 una nafasi nzuri ya kujirekebisha hata ukiungwa ukiwa umepinda. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani waliandika habari za watoto 51, wa miaka 3 hadi 10, ambao mifupa yao ilikuwa imepishana kabisa na ambao walifungwa plasta bila kuvutwa, bila nusukaputi. Yote iliunga, na mikono ikarudi kufanya kazi. Mwaka 2022 utafiti mkubwa wa Uingereza uliowahusu watoto 965 wenye ule mvunjiko mdogo ambao mfupa hujikunja tu bila kukatika, ulionyesha kwamba bandeji laini inayotolewa nyumbani na familia ni sawa na gango gumu: maumivu ya siku ya tatu hayakutofautiana. Ukweli huu una thamani kubwa zaidi pale ambapo fundi wa usingizi ni mmoja. Ila usivukishwe hadi kwenye kiwiko. Mvunjiko wa juu ya kiwiko hausamehewi na ukuaji kwa namna hiyo, na uliopishana wataka mtaalamu, mara nyingi na vyuma vyembamba. Kwa hiyo picha ya eksirei inasaidia pia kujua nani asiumizwe bure.

Kwa nini basi mambo haya, ambayo si mageni, hayafanyiki kwa desturi? Sehemu ya jibu ni imani ya zamani kwamba mtoto haumii kama mkubwa, au akiumia husahau. Imani hiyo si ya Rumonge peke yake. Hadi miaka ya 1980 hospitali kubwa za Ulaya na Marekani ziliwapasua watoto wachanga kwa dawa ndogo mno ya usingizi, zikidhani neva zao hazijakomaa. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake, nchini Uingereza, walionyesha kwamba njiti waliopewa fentanili wakati wa upasuaji walipata misukosuko michache ya mwili na matatizo machache baadaye kuliko wasiopewa. Maumivu yasiyotulizwa yalikuwa yanaudhuru mwili wenyewe. Upande wetu imani hiyo imevaa nguo ya malezi. "Jikaze kisabuni." "Mtoto wa kiume halii." Wavuvi na wakulima wa michikichi wamelelewa hivyo, na wauguzi ni watoto wao. Mtoto akinyamaza husifiwa na kupitwa. Aliaye hukemewa na kupitwa. Na aliyenyamaza mara nyingi ndiye anayeumia zaidi, amejikunja, hataki kuguswa, macho yapo kwenye mkono wake.

Fedha ni sehemu ya pili ya jibu. Mwezi Mei 2006 Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua, hatua kubwa iliyojaza vituo vya afya kwa wiki chache na kuokoa maisha ya wengi. Sasa turudi kwenye umri tulioushika. Mtoto huanza kupanda miti kwa ujasiri pale pale msamaha unapokoma. Kuanzia siku anayotimiza miaka 5, mkono wake ni wa mfuko wa baba. Iko kadi ya msaada wa matibabu, maarufu kama CAM, iliyorudishwa mwaka 2012: kaya ililipa faranga 3,000 kwa mwaka, na kadi ikabeba asilimia 80 ya gharama. Ni mpango mzuri kwenye karatasi. Dawa zikiisha katika stoo ya kituo, mzazi huelekezwa kwenye duka la binafsi, na dukani kadi haitambuliwi. Vilevile kumbukumbu ya watu haifutiki haraka. Mwaka huo huo wa 2006 Human Rights Watch na shirika la Burundi la APRODH walichapisha ripoti juu ya wagonjwa maskini waliozuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Familia iliyowahi kumwacha ndugu rehani wodini hufikiri mara mbili kabla ya kuingia lango lile kwa ajili ya mkono ambao, wanaambiwa, mganga wa mifupa wa mtaa wa pili ataushughulikia kwa kuku mmoja.

Sina dharau kwa mganga huyo. Yupo karibu, anaongea Kiswahili au Kirundi cha nyumbani, anamwita mtoto kwa jina, hukopesha. Wengine wana mikono yenye ustadi wa kweli. Lakini huvuta bila ganzi na husugua kiwiko kwa mafuta siku baada ya siku, jambo linaloongeza maumivu na laweza kuifanya nyama iliyozunguka kiungo iote mfupa. La hatari zaidi ni vijiti vyake vikikazwa. Madaktari wa Nigeria na Ethiopia wameandika kwa miaka mingi juu ya watoto waliokatwa mikono ambayo haikuwa na sababu ya kukatwa, kwa kuwa banzi lilizuia damu hadi nyama ikafa. Ethiopia haikuishia kulaumu. Waganga wa mifupa walipewa mafunzo ya siku moja juu ya namna ya kufunga na dalili za kuogopa, na katika miaka iliyofuata waliokatwa viungo kwa sababu hiyo walipungua. Siku moja tu! Chama cha Msalaba Mwekundu cha Burundi kina watu wa kujitolea katika vilima vyote. Mafunzo kama hayo Rumonge yangegharimu chakula cha mchana na bandeji.

Hapa kuna hoja ambayo wauguzi makini huitoa dhidi ya dawa, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema: maumivu ni king'ora, tukiyazima, tutajuaje kwamba mkono unakosa damu? Ugonjwa wanaouogopa ni wa kweli. Richard von Volkmann wa Ujerumani aliueleza mwaka 1881: misuli ya kigasha inayobanwa ndani ya bandeji au ya uvimbe wake hufa, kisha hujikunja, na mkono hubaki kama ukucha maisha yote. Saa chache zinatosha. Lakini kilichojifunzwa tangu hapo kinawapinga. Maumivu ya mvunjiko uliotulizwa vizuri hupungua. Ya misuli inayokufa hupanda juu ya dawa. Mtoto aliyekuwa ametulia kwa ibuprofeni na parasetamoli, kisha akaanza kuhangaika, kulia bila kunyamazika na kudai dawa kabla ya saa yake, anatoa dalili ya mapema kuliko vidole baridi au vyeupe, ambavyo huja muda ukiwa umekwisha. Ukiona hivyo, bandeji na plasta vipasuliwe hadi kwenye ngozi, hata kama ni saa nane usiku, na mtoto akimbizwe kwa daktari. Sasa, muuguzi atalionaje badiliko hilo kwa mtoto ambaye hakupewa chochote na amelia tangu asubuhi? Kwa huyo king'ora kimelia kutwa nzima, na hakuna anayekisikiliza tena. Ndiyo sababu ya kuanza mapema, na ndiyo sababu mama aambiwe kwa lugha yake kabla hajaondoka: inua mkono juu ya moyo, mtoto achezeshe vidole, na akiumia wakati wa kumnyoosha vidole taratibu, rudi usiku huo huo.

Kuhusu morfini nitasema kidogo tu, kwa kuwa kwa mikono mingi haihitajiki. Kwa kiwiko kilichopishana, au mfupa uliotoboa ngozi, inahitajika. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Kuwafikia watoto wote wa nchi hizo wanaoihitaji kungegharimu dola milioni 1 kwa mwaka. Uganda imeonyesha kwamba umaskini si kizuizi kamili: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, hukoroga morfini ya kunywa kutokana na unga, na tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliofunzwa huduma shufaa kuiandika. Burundi ingeweza kumwiga mwenzake huyo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ningekuwa na neno katika vituo vya afya vya mwambao huu, ningeanza na daftari la mapokezi. Lina safu za jina, umri, kilima anakotoka mtoto, ugonjwa na malipo. Ziongezwe mbili: saa aliyoingia, na saa aliyopewa dawa ya kwanza ya maumivu. Ya tatu, ikiwezekana, ni alama ya maumivu aliyoitaja mtoto mwenyewe. Tangu mwaka 1983 ipo chati ya nyuso sita, kutoka yenye tabasamu hadi yenye machozi, iliyobuniwa Oklahoma na muuguzi Donna Wong na mwenzake Connie Baker, ambayo mtoto wa miaka 3 au 4 huonyesha kwa kidole. Haihitaji Kifaransa cha makaratasi ya hospitali wala hesabu. Mganga mkuu wa wilaya akilifungua daftari hilo mwisho wa mwezi ataona, kituo kwa kituo, ni wapi mtoto hupewa kidonge ndani ya dakika 15 na ni wapi hungoja hadi mzazi aonyeshe risiti. Na muuguzi wa zamu ya usiku huko Minago au Kizuka atakuwa na maagizo yaliyoandikwa ukutani kulingana na uzito, yenye saini ya daktari, yanayomruhusu kutoa dawa na kufunga banzi kabla ya kuandika barua ya rufaa, na kabla ya kuuliza kama petroli ipo.